Msikiti uliokuwa kanisa, kanisa lililokuwa msikiti: historia, sheria na maswali ya wasikilizaji

Mwezi Julai 2020, katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku, tulisoma habari fupi kutoka Uturuki: jengo la kale la Hagia Sophia mjini Istanbul, lililokuwa makumbusho, litatumika tena kama msikiti. Habari yenyewe ilikuwa na sentensi tatu tu. Kabla hatujamaliza habari za michezo, simu za studio zilikuwa zinalia.

Msikilizaji wa kwanza alitaka kujua kwa nini Waislamu wamechukua kanisa. Wa pili alitulaumu kwa kutosema kwamba jengo hilo lilikuwa msikiti kwa karibu miaka 500. Wa tatu aliuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake pale hewani: "Na Córdoba je, mbona hamuisemi?" Mpaka tunafunga matangazo, watu wawili waliopigiana kelele kupitia simu zetu walikuwa wamegundua kwamba wanaishi mtaa mmoja.

Tangu siku ile swali hili hurudi kila inaposambaa video mpya kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa hiyo tumeona tuandike kwa utulivu yale ambayo hayatoshi kwenye taarifa ya dakika tano. Makala hii haiamui nani ana haki. Inaeleza majengo haya yalibadilika lini, kwa njia gani, na kwa nini kila upande unaona una hoja.

Jibu kwa ufupi

Majengo ya ibada yamekuwa yakihama kutoka dini moja kwenda nyingine tangu zamani sana. Kabla ya makanisa kugeuzwa misikiti na misikiti kugeuzwa makanisa, mahekalu ya Warumi na Wagiriki yaligeuzwa makanisa. Parthenon la Athens, ambalo wengi wetu tumeliona kwenye picha, lilikuwa hekalu la mungu wa kike Athena, kisha kanisa, kisha msikiti, na mwaka 1687 lililipuka kwa sababu Waturuki walihifadhi baruti ndani yake na jeshi la Venice likalipiga kwa mizinga.

Ukizitazama habari za majengo mengi, utaona njia kuu nne za mabadiliko. Ya kwanza ni vita: mshindi anaingia mjini na kulichukua jengo kubwa kuliko yote. Ya pili ni mapatano, ambapo waumini wa dini mbili wanagawana eneo au wanabadilishana majengo. Ya tatu ni ununuzi: waumini wamepungua, jengo linauzwa, wengine wanalinunua. Ya nne ni amri ya serikali au hukumu ya mahakama. Hagia Sophia lenyewe limepitia ya kwanza na ya nne, tena zaidi ya mara moja.

Hagia Sophia: jengo moja, zamu nne

Jina lake ni la Kigiriki na maana yake ni Hekima Takatifu. Mfalme Justinian wa Dola ya Kirumi ya Mashariki alilijenga kati ya mwaka 532 na 537, baada ya kanisa lililokuwapo kuchomwa katika ghasia za mjini. Wataalamu wake wawili, Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, waliweka kuba lenye kipenyo cha mita zipatazo 31, na kilele chake kiko kama mita 55 juu ya sakafu. Sehemu ya kuba hilo ilianguka mwaka 558 baada ya tetemeko la ardhi, likajengwa upya na kukamilika mwaka 562.

Kwa miaka 916 lilikuwa kanisa. Lakini hata katika kipindi hicho halikuwa mikononi mwa watu wale wale. Mwaka 1204 wapiganaji wa Vita vya Msalaba kutoka Ulaya ya Magharibi, Wakristo, waliiteka Constantinople, wakaupora mji pamoja na kanisa hilo, na kulifanya kanisa kuu la Kikatoliki mpaka mwaka 1261. Waorthodoksi wengi bado wanalikumbuka tukio hilo kwa uchungu.

Tarehe 29 Mei 1453 Sultani Mehmed II wa dola ya Uthmani aliuteka mji. Watu waliokimbilia ndani ya kanisa walichukuliwa mateka, kama ilivyokuwa desturi ya vita ya zama hizo kwa mji uliokataa kujisalimisha. Sultani aliamuru jengo liwe msikiti, akaliwekea wakfu, yaani mali na mapato ya kulitunza. Jina halikubadilishwa: kwa Kituruki linaitwa Ayasofya mpaka leo. Minara minne iliongezwa kwa nyakati tofauti, na katika karne ya 16 fundi mkuu Mimar Sinan aliimarisha kuta zake. Wanahistoria wa ujenzi wanasema bila nguzo za nje zilizoongezwa na kuimarishwa nyakati mbalimbali, jengo lisingehimili matetemeko ya karne zote hizo.

Lilikuwa msikiti kwa miaka 481. Novemba 1934 Baraza la Mawaziri la Jamhuri ya Uturuki, chini ya Mustafa Kemal Atatürk, liliamua liwe makumbusho, na milango ilifunguliwa kwa wageni tarehe 1 Februari 1935. Mwaka 1985 UNESCO iliingiza maeneo ya kihistoria ya Istanbul, Hagia Sophia likiwemo, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Tarehe 10 Julai 2020 mahakama ya juu ya mambo ya utawala ya Uturuki ilifuta uamuzi wa mwaka 1934, na siku hiyo hiyo Rais Recep Tayyip Erdoğan alitia saini amri ya kulikabidhi jengo kwa idara ya masuala ya dini. Swala ya kwanza ya Ijumaa ilisaliwa tarehe 24 Julai. Papa Francis alisema hadharani kwamba ameumia sana, Waorthodoksi wa Ugiriki na Urusi walilalamika, na UNESCO ilisikitika kwamba uamuzi ulifanywa bila mazungumzo. Kwa upande mwingine, maelfu ya Waislamu walijaa barabara zote zinazozunguka jengo hilo siku ya Ijumaa ile, wengine wakilia kwa furaha.

Leo hali ikoje? Ukumbi wa chini ni wa wanaosali, bila kiingilio. Tangu Januari 2024 watalii wa kigeni huingia kwa mlango mwingine, hupanda ghorofani na kulipa euro 25. Picha ya Bikira Maria akiwa na mtoto Yesu, iliyo upande wa kibla, imewekewa mapazia.

Ndani ya jengo hubadilika nini?

Watu wengi hudhani kubadilisha jengo ni kuondoa msalaba na kuweka hilali, au kinyume chake. Mafundi wanajua kazi ni kubwa kuliko hiyo.

La kwanza ni mwelekeo. Makanisa ya kale yalijengwa yakielekea mashariki. Msikiti huelekea Makka. Istanbul iko kaskazini-magharibi mwa Makka, kwa hiyo kibla kiko kusini-mashariki na si mashariki kamili. Ndiyo maana mihrabu ya Hagia Sophia haikai katikati kabisa ya ukuta bali imesogezwa kidogo upande wa kulia, na mazulia yanafuata mstari wa mihrabu, siyo mstari wa jengo. Ukiitazama picha iliyopigwa kutoka juu, utaona sakafu kama imepinda.

La pili ni picha. Makanisa ya Mashariki yalipambwa kwa picha za watakatifu zilizotengenezwa kwa vipande vidogo vya kioo na dhahabu. Msikiti hauwi na picha za watu. Katika Hagia Sophia picha zilifunikwa kwa chokaa na plasta hatua kwa hatua, si zote siku moja. Kati ya mwaka 1847 na 1849 ndugu wawili wasanifu kutoka Uswisi, Gaspare na Giuseppe Fossati, waliajiriwa na Sultani Abdülmecid kulikarabati jengo. Walizifunua picha, wakazichora kwenye karatasi kwa kumbukumbu, kisha wakazifunika tena. Kwa hiyo plasta ile ile iliyozificha ndiyo pia iliyozilinda, na kuanzia mwaka 1931 mtaalamu wa Kimarekani Thomas Whittemore alianza kuzifunua zikiwa bado zinang'aa.

La tatu ni sauti ya kuita watu. Kanisa lina kengele, msikiti una mnara wa adhana. Huko Seville, Uhispania, mnara wa msikiti mkuu uliokamilika mwaka 1198 haukubomolewa mji ulipotekwa na Wakristo mwaka 1248. Baadaye uliongezewa sehemu ya juu ya kengele, na leo ndio Giralda, alama ya mji huo. Huko Thessaloniki, Ugiriki, kuna jengo la duara la zama za Warumi, Rotunda, lililowahi kuwa kanisa na msikiti. Mnara wake wa adhana bado umesimama ingawa Ugiriki iliuchukua mji huo tangu mwaka 1912.

Mara nyingine alama za dini zote mbili huachwa pamoja. Katika mji wa Pécs nchini Hungaria, msikiti wa Pasha Qasim wa karne ya 16 sasa ni kanisa Katoliki, na juu ya kuba lake msalaba umesimama juu ya hilali.

Na Córdoba je?

Sasa tumjibu yule msikilizaji wa tatu. Córdoba ni mji wa kusini mwa Uhispania uliokuwa makao makuu ya utawala wa Kiislamu wa Andalusia. Msikiti mkuu ulianzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza katika miaka ya 780, na watawala waliofuata waliupanua mara tatu. Kufuatana na mapokeo, mahali hapo palikuwa na kanisa la Mtakatifu Vincent kabla ya msikiti, ingawa wataalamu wa mambo ya kale wanabishana kuhusu ukubwa na aina ya jengo hilo.

Nguzo zake, ambazo mpaka leo zinazidi 850, nyingi zilitolewa kwenye majengo ya zamani ya Warumi. Na mihrabu yake ya karne ya 10 ina jambo la kushangaza. Waandishi wa Kiarabu wa zama za kati wanaeleza kwamba Khalifa al-Hakam wa Pili alimwomba Mfalme wa Constantinople fundi wa picha za vioo, na mfalme huyo Mkristo akamtuma fundi pamoja na shehena ya vipande vya vioo. Sanaa ile ile iliyopamba Hagia Sophia ndiyo iliyopamba mihrabu ya Córdoba.

Tarehe 29 Juni 1236 Mfalme Ferdinand wa Tatu wa Castile aliuteka mji, na msikiti ukawekwa wakfu kuwa kanisa. Kwa karibu miaka 300 Wakristo walisali humo bila kulibadilisha jengo sana. Kisha mwaka 1523 askofu alianza kujenga kanisa kuu jipya katikati kabisa ya nguzo. Baraza la mji lilipinga, lakini Mfalme Charles wa Tano aliruhusu. Ujenzi ulimalizika mwaka 1607. Mnara wa adhana nao ulizungushiwa ukuta na kuwa kiini cha mnara wa kengele.

Leo jengo ni kanisa kuu la Kikatoliki. Misa husomwa humo, na Waislamu hawaruhusiwi kusali. Jumuiya za Kiislamu za Uhispania zimeomba ruhusa mara kadhaa na Kanisa limekataa, likisema ibada ya dini mbili mahali pamoja ingewachanganya waumini. Mwaka 2010 kundi la vijana wa Kiislamu kutoka Austria walijaribu kusali ndani, wakagombana na walinzi, na baadhi yao wakakamatwa.

Kuna ugomvi wa pili ambao si wa Waislamu na Wakristo. Mwaka 2006 Kanisa liliandikisha jengo hilo kama mali yake katika daftari la serikali kwa ada ya euro 30, likitumia sheria iliyoliruhusu kufanya hivyo bila hati nyingine ya umiliki. Wakazi wengi wa Córdoba, wakiwemo Wakatoliki, walipinga wakisema jengo ni la taifa zima. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2015, lakini uandikishaji uliokwisha kufanyika haukufutwa.

Yerusalemu na Damascus: mapatano na mipaka yake

Si kila ushindi ulimaanisha kuchukua kanisa. Mfano unaotajwa sana ni wa Khalifa Umar bin al-Khattab alipoingia Yerusalemu katika karne ya 7. Simulizi inasema wakati wa swala ulimkuta ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, Patriaki akamwambia asali pale pale, naye akakataa. Alieleza kwamba akisali ndani, Waislamu watakaokuja baadaye watalidai kanisa wakisema Umar alisali hapa. Akatoka nje akasali huko. Simulizi hii iliandikwa na Mkristo, Patriaki Eutychius wa Alexandria, katika karne ya 10. Mpaka leo kanisa hilo ni kanisa, na ufunguo wa mlango wake unashikwa na familia mbili za Kiislamu, kwa sababu madhehebu ya Kikristo yanayoligawana hayaaminiani vya kutosha kuuacha ufunguo kwa mojawapo.

Damascus mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Palikuwa na hekalu la Jupiter, kisha kanisa la Yohana Mbatizaji. Baada ya Waislamu kuutwaa mji katika miaka ya 630, wanahistoria wanaeleza kwamba kwa takriban miaka 70 dini zote mbili zilisali ndani ya eneo moja, kila moja na sehemu yake. Kisha Khalifa al-Walid wa Kwanza alilichukua eneo lote, akalibomoa kanisa, na kujenga Msikiti wa Umayya kati ya mwaka 706 na 715. Inasimuliwa kwamba Wakristo walirudishiwa makanisa mengine mjini kama fidia. Ndani ya msikiti huo kuna kaburi linaloheshimiwa kuwa la kichwa cha Yohana Mbatizaji, ambaye Waislamu wanamwita Nabii Yahya. Mei 2001 Papa Yohane Paulo wa Pili alilizuru, na huo ukawa mwanzo wa papa kuingia msikitini.

Algiers: habari inayotugusa Afrika

Ufaransa iliuvamia mji wa Algiers mwaka 1830. Mwaka 1832 jeshi lake liliuchukua kwa nguvu msikiti wa Ketchaoua, ulioko chini ya mji wa kale wa Casbah, waumini waliokuwa wakipinga wakatolewa kwa silaha, na jengo likawa kanisa kuu la Mtakatifu Philip. Likabaki hivyo kwa miaka 130. Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962, lilirudishwa kuwa msikiti, nalo kanisa kuu la Kikatoliki likahamia jengo jingine lililoanza kujengwa miaka ya 1950.

Kwa nini tunasema linatugusa? Kuanzia mwaka 1867 askofu mkuu wa Algiers alikuwa Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers. Ni shirika lake lililotuma msafara wa wamisionari mwaka 1878 kupitia Bagamoyo hadi Tabora, Ujiji na Uganda. Kanisa kuu alilokuwa akiliongoza wakati akiwatuma lilikuwa ndilo hilo hilo la Ketchaoua. Waumini Wakatoliki wa bara wanaoienzi historia hiyo, na Waalgeria wanaokumbuka mwaka 1832, wanazungumzia jengo moja.

Ulaya ya leo: jengo linauzwa

Msikilizaji akisikia kwamba kanisa la London limekuwa msikiti, asifikirie panga. Mara nyingi ni hati ya mauzo. Katika mtaa wa Brick Lane, mashariki mwa London, kuna jengo lililojengwa mwaka 1743 na Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Wajukuu zao walipohama, likawa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Wayahudi waliotoka Ulaya Mashariki. Nao walipohamia vitongoji vingine, liliuzwa, na mwaka 1976 likawa msikiti wa wahamiaji kutoka Bangladesh. Tarehe 1743 bado iko ukutani.

Hamburg, Ujerumani, kanisa la Kilutheri la Capernaum lilifungwa kwa kukosa waumini, likauzwa kwa mfanyabiashara. Mwaka 2012 jumuiya ya Kiislamu iliyokuwa ikisali kwenye gereji ya chini ya ardhi ikalinunua, na msikiti ukafunguliwa mwaka 2018. Viongozi wa Kilutheri hawakufurahi, lakini hawakuwa na la kufanya: jengo halikuwa lao tena. Ndiyo sababu makanisa mengi ya Ulaya siku hizi huweka sharti ndani ya mkataba wa mauzo kuhusu matumizi yatakayoruhusiwa.

Neno moja, maana mbili

Tulipokuwa tukiandaa makala hii tuligundua kwamba Kiswahili kinatusaidia kuona kiini cha mgogoro. Sisi tuna neno moja, wakfu, na dini zote mbili zinalitumia.

Kwa Mwislamu, wakfu ni mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu. Haiuzwi, hairithiwi, na masharti ya aliyeiweka yanafuatwa. Wanazuoni wengi wanaona msikiti ukishawekwa wakfu unabaki msikiti daima, ingawa wapo, hasa wa madhehebu ya Hanbali, walioruhusu kuuzwa pale unapokuwa gofu lisilotumika, fedha zake zijenge mwingine. Hoja iliyoshinda mahakamani Uturuki mwaka 2020 ilikuwa hiyo hasa: Hagia Sophia ni mali ya wakfu wa Sultani Mehmed, hati inaliita msikiti, na Baraza la Mawaziri halikuwa na mamlaka ya kulifanya kitu kingine.

Kwa Mkristo, kuliweka kanisa wakfu ni kulitenga kwa ibada tu. Katika Kanisa Katoliki askofu peke yake, kwa sababu nzito na kwa kufuata kanuni, anaweza kulitoa jengo katika ibada na kuruhusu litumike kwa shughuli nyingine isiyo ya aibu. Hoja ya Kanisa kuhusu Córdoba inasimama hapo: jengo liliwekwa wakfu mwaka 1236 na halijawahi kuacha kutumika kama kanisa tangu wakati huo.

Ukizisoma hoja hizi mbili moja baada ya nyingine utaona zinafanana sana. Kila upande unasema: kilichowekwa wakfu hakirudishwi nyuma. Tofauti ni kwamba kila mmoja anaanza kuhesabu miaka pale zamu yake ilipoanza. Ukianza mwaka 537, Hagia Sophia ni kanisa lililochukuliwa. Ukianza mwaka 1453, ni msikiti uliofungwa na serikali.

UNESCO haihesabu kwa njia hiyo. Yenyewe haisemi jengo liwe la dini gani. Inachodai ni kwamba nchi mwenye jengo itoe taarifa kabla ya mabadiliko, na isiharibu thamani iliyofanya jengo liingizwe kwenye orodha.

Na huku kwetu pwani?

Pwani yetu nayo ina kumbukumbu zake. Wareno waliingia Kilwa na Mombasa kwa mizinga mwaka 1505, na walipokaa wakajenga makanisa. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa na kanisa ndani. Jeshi la Omani lilipoitwaa Desemba 1698, kanisa hilo likakoma kutumika, na leo wageni huonyeshwa msingi wake tu. Unguja, Ngome Kongwe iliyo mbele ya Forodhani ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na sehemu ya kuta za kanisa zilitumika ndani ya ngome.

Wareno waliondoka, wakatuachia maneno kama meza, leso na bendera. Wataalamu wengi wa lugha wanaongeza jingine: gereza, wanalosema limetokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Makanisa yale yalikuwa ndani ya ngome au yakageuka ngome, na ngome zikaja kuwafunga watu. Ngome ya Yesu yenyewe ilikuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Kila anayesema gereza analitaja kanisa bila kujua.

Tuongeze jambo moja, kwa kuwa limewahi kuulizwa. Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, halikuwa msikiti. Lilijengwa katika eneo la soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873.

Kabla hujasambaza video

Kwa kuwa ugomvi wa simu za mwaka 2020 ulianzia kwetu, tumejiwekea utaratibu, na tunaushauri kwa msomaji pia. Ukipokea video ya msikiti "uliotekwa" au kanisa "lililotekwa", uliza mambo manne. Jengo liko wapi, na lina jina gani? Mabadiliko yalitokea mwaka gani: jana, au mwaka 1236? Yalitokea kwa njia gani: vita, mapatano, mauzo au hukumu? Na kabla ya zamu hiyo, jengo lilikuwa la nani? Video nyingi tulizozifuatilia zilianguka kwenye swali la pili. Tukio la kale lilikuwa limepewa sauti mpya na kuonyeshwa kama la wiki hii.

Tena kumbuka kwamba jirani yako hakuwapo 1453 wala 1832. Anayesali msikiti wa mtaani kwenu hahusiki na amri ya Ankara, na anayekwenda misa ya alfajiri hahusiki na daftari la ardhi la Córdoba.

Ile habari yetu ya Julai 2020 bado iko kwenye kumbukumbu za studio. Kama tungeisoma tena leo, isingezidi sana urefu wake wa mwanzo. Tungeisoma hivi: "Mahakama nchini Uturuki imefuta uamuzi wa mwaka 1934 ulioifanya Hagia Sophia kuwa makumbusho, na Rais ameamuru swala zianze humo. Jengo hilo lilijengwa mwaka 537 likiwa kanisa, likawa msikiti mwaka 1453 mji ulipotekwa. Waislamu wengi wa nchi hiyo wamefurahi, Wakristo wengi wa Mashariki wameumia, na UNESCO inasema ilipaswa kushauriwa."